Tubadilishe prodyuza?

SWALI: Bendi yetu ya roki huwaka jukwaani, lakini albamu ya kwanza imetoka laini mno. Je, tatizo ni prodyuza?

JIBU: Huenda. Linganisheni albamu mbili za Nirvana, bendi ya roki ya Marekani: Nevermind na In Utero. Kwa ya kwanza, mwaka 1991, prodyuza Butch Vig alirekodi sauti ya mwimbaji Kurt Cobain mara mbili na kuilaza moja juu ya nyingine, gitaa nazo kwa matabaka; Andy Wallace akamiksi (akasawazisha sauti zote pamoja), ukatoka mng'ao wa redio. Kwa ya pili, mwaka 1993, Steve Albini aliwarekodi kwa takriban wiki mbili, wakipiga pamoja, maikrofoni nyingine zikiwa mbali na ngoma ili chumba nacho kisikike. Bendi ile ile, sauti nyingine kabisa.

Mpeni prodyuza mpya wimbo mmoja wa majaribio. Sikilizeni ngoma kwanza: mara nyingi ulaini huanzia hapo, kila pigo likibadilishwa kwa sampuli (mlio wa ngoma uliorekodiwa tayari) na kuvutwa lilingane na metronomu. Ombeni ngoma, besi na gitaa virekodiwe kwa pamoja, uimbaji baadaye. Malipo yaandikwe mapema. Albini alitoza ada tu bila mrabaha (mgawo wa mauzo), lakini wengi hudai asilimia.