Kozi ya Picha ya Laki Tatu na Nusu: Ihesabu kwa Harusi

Dogo mmoja wa mtaani kwetu Tabata kaniuliza: "Kaka, kuna kozi ya kuanzisha biashara ya picha, wiki sita, laki tatu na nusu. Nilipe?" Nikacheka. Ndiyo bei niliyolipa mimi, tena kwa pesa ya kukopa kwa shemeji.

Jumamosi nne za mwanzo tulisoma ISO, kasi ya shata na uwazi wa lenzi, mambo niliyokwisha kuyaokota YouTube bure. Ya tano tukachora nembo. Nembo! Mteja wa send-off Mbagala haulizi nembo, anauliza picha zitatoka lini.

Ya sita mwalimu alipata dharura, akaja mama mmoja aliyezeeka akipiga picha za harusi. Swali lake la kwanza: nani hapa anadai? Mikono ikapanda karibu yote. Mimi nilikuwa naidai kamati moja ya harusi 250,000. Kazi ilikuwa ya laki nne, wakanipa laki na nusu, iliyobaki nikaambiwa nisubiri michango ikamilike. Kamati ikavunjwa, wakala nyama yao, mweka hazina akaacha kupokea simu. Mama akaniambia kosa ni langu: kamati ikishavunjwa, unamdai nani? Yeye huchukua nusu ya malipo siku ya kushika tarehe, iliyobaki siku tatu kabla ya harusi, na karatasi ya mkataba anasaini bwana au bibi harusi mwenyewe, si mwenyekiti.

Kisha akatuhesabia ile laki nne. Albamu 150,000, mshika taa 60,000, usafiri 30,000, bando la kutuma picha 10,000, akiba ya kamera inayochakaa 60,000. Inabaki 90,000. Kumbe kozi ilinigharimu faida ya karibu harusi nne, na saa mbili tu za yule mama ndizo zilizonirudishia.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, omba ratiba ya masomo. Ikijaa mambo ya kusajili jina la biashara BRELA na kuchukua TIN, ile namba ya mlipakodi, acha. Jina unalisajili mwenyewe mtandaoni, na TIN TRA wanatoa bure. Muombe mwalimu akuonyeshe harusi moja nzima aliyopiga mwaka huu, kuanzia saluni hadi keki, maana picha kumi kali kila mtu anazo. Akisitasita, huenda anaishi kwa ada zenu. Na kama huna kamera, hiyo laki tatu na nusu ianzie kwenye mtumba wa Kariakoo, ila nenda na mtu anayejua kuikagua.

Anayefaidika kweli ni yule mwenye kazi tayari lakini mfukoni hakai na kitu. Dogo hajafika huko. Nilimshauri aombe kulipia siku ya mikataba peke yake, wakamkatalia. Jumamosi ananishikia taa Kigamboni. Elfu sitini yake nimeshamtumia nusu.