Chimba kwanza, ndipo ufungue ramani: kwa wanaoanza kazi ya udongo Tanga

Ilikuwa mwezi wa tatu, masika bado haijaanza, nikiwa nimesimama kwenye shamba la mama mmoja upande wa Pongwe. Simu ilikuwa mkononi na moyoni sikuwa na shaka yoyote. Nilikuwa nimefungua ramani moja ya bure ya udongo, nikagusa mahali tuliposimama, nikaoneshwa pH, yaani kipimo cha tindikali, ya 5 na pointi zake: udongo wenye tindikali. Basi nikamshauri atafute chokaa ya kilimo aimwage shambani kabla ya kupanda mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akachomoa jiwe jeupe lenye vishimo-vishimo kama mkate wa kumimina, akaniwekea kiganjani.

"Mwanangu, chokaa unayotaka nikanunue ndiyo hii tuliyoikalia."

Kesho yake nilirudi na chupa ya siki ya dukani. Nikaokota bonge la udongo kutoka kina cha kiganja kimoja, nikadondoshea matone machache. Udongo ukachemka, dalili ya chokaa. Ukiusogeza sikioni unasikia kabisa kale kasauti ka povu. Kipimo cha pH kilipokuja kilikuwa karibu na 8, na michirizi myeupe niliyokuwa nimeiona kwenye majani machanga ya mahindi yake ya vuli ilikuwa dalili ya upungufu wa zinki, ambayo udongo wenye chokaa nyingi huishikilia mmea usiipate. Chokaa yangu ingemwongezea ugonjwa, tena kwa pesa yake mwenyewe. Ukanda ule una jiwe la chokaa, jamii moja na lile la Mapango ya Amboni ambayo kila mtoto wa Tanga amepelekwa kuyaona. Nilikuwa nalijua hilo tangu shule ya msingi. Sikuliunganisha na kazi yangu, kwa kuwa nilikuwa nikitazama kioo cha simu badala ya kutazama chini.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mpangilio wa kazi. Ndio huo ninaotaka kuwapa vijana wanaotoka vyuoni na kupangiwa kata huku kwetu, na kila anayefuatilia sayansi ya udongo akiwa mbali na maktaba kubwa: jembe kwanza, maandishi ya zamani pili, ramani ya dunia mwisho. Wengi tunaanzia mwisho kwa sababu ramani iko mfukoni na sururu iko stoo.

Shimo lenyewe halihitaji ufundi mkubwa. Omba ruhusa, chimba mita moja kwa mita moja na nusu, shuka hadi mita moja na nusu au mpaka ugonge mwamba. Ukuta mmoja uache uelekee jua, na mtu yeyote asikanyage juu yake. Udongo wa juu utupie upande mmoja na wa chini upande wa pili, ili ukifukia kila kitu kirudi mahali pake. Mkulima aliyeachiwa udongo wa chini umekaa juu hatakuruhusu tena kuchimba, na ana haki. Ukiwa ndani, tazama mizizi inaishia wapi na rangi inabadilikia wapi. Lowesha kidonge cha udongo ukisokote kati ya vidole. Ukipata utepe mrefu usiokatika, hapo pana mfinyanzi. Dondoshea siki kila tabaka. Piga picha ukiwa umening'iniza futi ukutani, andika mahali ulipo kwa GPS, na uyaandike kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Simu yangu iliwahi kutumbukia mtoni ikaondoka na mashimo kumi na moja. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa maandishi ya zamani. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu wa Tanga tunapojinyima urithi wetu wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, huko juu Usambara Mashariki, alikuwapo mkemia wa udongo aitwaye Geoffrey Milne. Katika safari zake za Tanganyika na nchi jirani aliona jambo ambalo mkulima yeyote wa milimani analijua kwa miguu. Ukishuka mteremko udongo hubadilika kwa mpangilio, kileleni mwekundu, katikati kahawia au kijivu, bondeni mweusi wa mfinyanzi. Ukipanda kilima cha pili unaukuta mpangilio uleule unajirudia. Sababu ni maji. Juu yanapita na kuondoka, chuma kilichomo kwenye udongo kinapata hewa na kuwa chekundu. Chini yanakaa, yakiwa yamebeba chembe laini na chumvi zilizooshwa kutoka juu. Milne aliupa mpangilio huo jina la Kilatini, catena, yaani mnyororo, na mwaka 1936 ikatoka ramani yake ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Leo ni vigumu kupata kitabu cha udongo kisicho na neno hilo, na lipo jarida zima la kimataifa linaloitwa Catena. Hata neno letu mbuga liliingia kwenye maandishi ya Kiingereza ya enzi zile likimaanisha udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi.

Nilimaliza chuo bila kujua kwamba wazo hilo lilitoka mahali ninapoweza kufika kwa basi kutoka Muheza mjini. Nilipolijua nilikasirika, kisha nikaanza kulitumia. Siku hizi sichukui sampuli kabla sijatembea kutoka kileleni hadi bondeni, na sampuli za juu sizichanganyi kamwe na za chini, hata kama shamba ni la mtu mmoja na ni ekari mbili tu.

Maandishi ya namna hiyo yanapatikana. Kituo cha kimataifa cha taarifa za udongo, ISRIC, kilichopo Wageningen, Uholanzi, kilichoanza mwaka 1966, kimeweka mtandaoni maelfu ya ripoti na ramani za zamani, bure. Humo utakuta kazi za uchunguzi wa udongo zilizofanywa na wataalamu wa Mlingano, pale pale wilayani Muheza, kituo ambacho kwanza kilijulikana kwa mkonge na baadaye kikabeba kazi ya udongo ya nchi nzima. Cranfield, Uingereza, wana hifadhi iitwayo WOSSAC yenye ripoti za wapima udongo wa enzi za ukoloni na baada yake. Tume ya Ulaya nayo ilitoa mwaka 2013 Atlasi ya Udongo wa Afrika, kitabu kizima chenye picha na ramani, unakipakua bila malipo. Faili lake ni zito. Lipakue usiku kwa bando la usiku, kisha mpe na mwenzako kwenye flashi.

Lakini kabla ya hayo yote nenda Mlingano kwa miguu yako, ujitambulishe, uulize maktaba iko wapi. Historia ya mkonge peke yake inatosha kukufunza kemia ya udongo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliingiza miche ya mkonge, ikapandwa upande wa Pangani, na kutoka hapo Tanga ikawa Tanga. Mkonge ni mmea unaokula kalsiamu na potasiamu kwa wingi, na kila jani likikatwa madini hayo yanaondoka nalo. Mashamba yaliyovunwa miaka nenda miaka rudi bila kurudishiwa kitu yalichoka, na majani yakaonesha upungufu wa potasiamu kwa kunyauka kwenye shina la jani. Ukikuta mkulima wa leo analima mahindi juu ya shamba la zamani la mkonge, unapomsikia anasema "ardhi imechoka", elewa kwamba hatumii fumbo.

Baada ya hapo ndipo ramani za dunia. Sizikatai, nazitumia kila wiki. Ninachotaka ni uzisome inavyopasa. SoilGrids ya ISRIC inaigawa dunia katika vipande vya mita 250 kwa 250. Kipande kimoja ni kama ekari kumi na tano, na ndani ya ekari kumi na tano za Muheza unaweza kuwa na mnyororo mzima wa Milne. Thamani unayoiona haikupimwa kwenye shamba hilo. Imekokotolewa na kompyuta kutokana na mashimo yapatayo 240,000 ya dunia nzima, pamoja na hali ya hewa, mwinuko na picha za setilaiti. iSDAsoil, ya Afrika peke yake, inashuka hadi mita 30, yaani pungufu kidogo ya robo ekari. Inavutia zaidi machoni, ila kipande kidogo si ushahidi kwamba kuna mtu aliyechimba hapo.

SoilGrids yenyewe inakuambia ina shaka kiasi gani. Kwa kila sifa wametoa makadirio ya chini, ya kati na ya juu. Fungua na hayo mengine mawili. Pengo likiwa dogo, tembea kwa moyo mkunjufu. Likiwa kubwa, ramani inakuomba uchukue jembe. Ningefanya hivyo Pongwe nisingemwambia mama wa watu akanunue mawe aliyoyakalia.

Kuhusu maabara niseme moja, lililonigharimu msimu mzima. Niliwahi kupeleka sampuli zilezile kwenye maabara mbili, majibu ya fosforasi yakaja hayafanani hata kidogo, nikaamini mojawapo imekosea. Hakuna aliyekosea. Moja ilitumia njia ya Bray, inayofaa udongo wenye tindikali. Nyingine ilitumia Olsen, inayofaa udongo wenye chokaa. Namba za njia mbili huwezi kuzilinganisha kama unavyolinganisha bei za nyanya. Vivyo hivyo pH iliyopimwa kwa maji na iliyopimwa kwa myeyusho wa chumvi zinaweza kupishana hata kwa pointi moja nzima. Uliza njia kabla hujalipa, na uiandike pembeni ya jibu. Mtandao wa maabara za udongo wa FAO, GLOSOLAN, umetoa bure miongozo ya hatua kwa hatua ya vipimo hivyo, na hata usipokuwa mtu wa maabara soma ule wa pH na wa Olsen ili ujue unachokinunua.

Kwa wanaotaka kusoma makala za kitafiti: mtumishi wa taasisi ya umma au chuo aulize kama taasisi yake imejisajili na AGORA, mpango unaoziruhusu taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya kilimo ya kulipia bila kulipa. Na usikubali barua pepe inayokusifia "kazi yako bora" na kukuahidi kuichapisha ndani ya wiki moja ukituma dola. Rafiki yangu alitoa karibu mshahara wa mwezi, makala ikatokea kwenye ukurasa ambao mwaka uliofuata haukuwepo tena. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu data zake zilikuwa nzuri.

Habari za fani kwa jumla si ngumu kuzipata. Umoja wa Kimataifa wa Sayansi ya Udongo, IUSS, ulizaliwa Roma mwaka 1924 na ukatimiza miaka mia kwa mkutano wa Florence, Italia, mwaka 2024. Hutoa taarifa fupi ya kila mwezi bure. Kongamano lao kuu huwa kila baada ya miaka minne. La 2022 lilikuwa Glasgow, na la 2026 likapangiwa Nanjing, China. Karibu na nyumbani kuna Chama cha Sayansi ya Udongo cha Afrika Mashariki. Jiunge huko kwanza.

Kisha toa na wewe. ISRIC hupokea data za mashimo kutoka kwa yeyote aliyezipima vizuri, na huku kwetu mashimo ni machache kuliko mahitaji. Ila mahali shamba lilipo ni siri ya mwenye shamba mpaka atakapokuruhusu. Muulize kwa lugha anayoielewa, umweleze nani ataona.

Siku ya Udongo Duniani ni tarehe 5 Desemba. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2013, kwa siku ya kuzaliwa ya Mfalme Bhumibol wa Thailand. Kwetu inaangukia kwenye vuli, ardhi ikiwa laini. Mwaka jana nilimwomba mama yule wa Pongwe tuchimbe shimo kwake, akakubali. Watoto wa jirani walikuja na siki yao, wakadondoshea kila bonge walilolikuta mpaka chupa ikaisha. Kwa sentimita arobaini tuligonga jiwe. Mimi nilishuka na mwongozo wa WRB, mfumo wa kimataifa wa kuupa udongo majina, ule wa 2022 wenye makundi 32, nikawa natafuta jina. Mama alikaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani, akanieleza mwaka gani mvua iliondoka na tabaka la juu na mahali gani mihogo hukataa.

Nilipomuuliza kama niandike mahali shamba lilipo, alisema niandike, kisha akauliza kama kwenye fomu niliyokuwa nikiijaza kuna nafasi ya jina wanaloliita udongo ule nyumbani kwao, kwa Kidigo. Nafasi haikuwepo. Nililiandika kwenye safu ya maelezo, herufi moja moja, naye akisahihisha.