Matteo Ricci aliingiaje Beijing?
Umeuliza padre Ricci, mmisionari Mkatoliki kutoka Italia, aliruhusiwaje kukaa Beijing, mji mkuu wa China, wakati wageni walikuwa hawatakiwi. Saa ndizo zilizomfungulia mlango. Mwaka 1601 alimpelekea mfalme Wanli zawadi, zikiwemo saa zinazolia zenyewe. Matowashi wa ikulu ikabidi wafundishwe kuzitia ufunguo, na mapadre wakawa watu wa kuitwa saa zikihitaji kutazamwa. Mfalme mwenyewe hakuwahi kuonana na Ricci uso kwa uso.

Ila tusiishie kwenye saa jamani. Mjesuiti huyu, yaani padre wa Shirika la Yesu la Kikatoliki, alifika Macau, bandari ya Wareno kusini mwa China, 1582, akaketi kujifunza Kichina kama mtoto wa chuo, hadi akaandika vitabu kwa lugha hiyo. Mwanzoni alinyoa kichwa na kuvaa kama mtawa wa Kibudha. Baadaye akaona wenye kauli ni wasomi, basi kufikia 1595 akafuga ndevu na kuvaa hariri kama wao. Kinachonigusa zaidi ni kazi yake na Xu Guangqi, msomi aliyebatizwa: Ricci anaeleza kwa mdomo, mwenzake anaandika, mpaka vitabu 6 vya kwanza vya jometri ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, vikatoka kwa Kichina, 1607.

Alifariki 1610. Mfalme akaridhia azikwe hapohapo Beijing.