Unataka kuchora katuni? Rudi kwa steringi wako wa utotoni

Kuna mdogo wangu mmoja juzi kanitumia meseji, kaona katuni yangu ya kwanza imetoka anauliza "kaka na mimi nianzie wapi?" Jibu fupi, rudi kwa yule steringi uliyemhusudu ukiwa mtoto. Jibu refu ndo hili, tulia.

Wangu alikuwa Spider-Man. Nilianza na mdoli wake kabla hata sijajua anaitwa nani, plastiki nyekundu na bluu, kiwiko kimoja kimelegea hadi mkono unaning'inia, rangi ya puani imebanduka. Nililala nae, nilioga nae, nikamfunga uzi kiunoni awe anashuka kabatini kichwa chini. Halafu ikaja ile muvi ya 2002, ya Tobey Maguire, nikairudia mpaka nikawa nayasema maneno kabla hajayasema yeye. Vitabu vya katuni vilikuja mwisho na ndo vilinimaliza kabisa, maana humo utando hautoki mwilini kama kwenye muvi, Peter, ndo Spider-Man mwenyewe akivua kinyago, kajitengenezea mwenyewe vifaa anavyovaa mkononi, na utando ukimwishia yuko hewani basi imekula kwake. Jamaa ana nguvu za ajabu ila hela hana, anauza picha zake kwa gazeti, na gazeti lilelile linamchafua Spider-Man kila siku!

Sasa shika hapo: usichore nguvu, chora shida. Mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walimtoa Spider-Man mara ya kwanza 1962, kwenye kitabu cha katuni cha Amazing Fantasy namba 15, kurasa 11 tu, na kinachokukaa kichwani humo sio kupanda ukuta, ni yule mwizi ambaye Peter alimwacha apite kwa sababu aliona hayamhusu, kumbe ndo huyohuyo anakuja kumuua anko Ben aliyemlea. Kurasa 11 mtu kashafiwa na kosa ni lake. Wewe una kurasa ngapi na steringi wako bado anarusha ngumi tu?

Kingine, mikono. Ule mkono wa kurusha utando, vidole viwili vya kati vimekunjwa kubonyeza kiganja, cha shahada na cha mwisho vimenyooka, niliuchora mpaka mdoli ukanichoka. Uso wake wote umefunikwa, sasa hasira utaionyeshea wapi kama sio mikononi na mgongoni? Chora mikono.

Najua kuna watakaokucheka. Kuna mkubwa mmoja wa kwetu alichana vitabu vyangu mbele ya wageni, eti mtoto wa kiume akianza kuota ndevu aachane na midoli. Simtaji, anajijua. Wiki hii kanipigia anaomba nakala ya bure ampelekee mwanae, nikamtumia linki ya kununulia. Na nyie wazazi mnaosoma hapa, mtoto akiongea na mdoli mwacheni aongee, anatunga stori huyo, hajachanganyikiwa, mnaua vipaji halafu mkizeeka mnajisifu mlilea.

Haya, mdogo wangu, umeuliza pia kama ununue kwanza tableti ya kuchorea. Hapana. Penseli na karatasi, chora shida, chora mikono. Ukimaliza ukurasa nitumie, ila nikikuta ngumi juu mpaka chini sijibu.