Kuhusu kuibadilisha Mosconi Cup

Kaka, umesema Mosconi Cup, yale mashindano ya pool ya timu za Marekani na Ulaya, iiondoe Marekani ili Asia iingie, mimi sikubali. Marekani na Ulaya ndiyo Mosconi Cup yenyewe tangu 1994, na Asia tayari ina Reyes Cup, iliyoanza 2024 Manila dhidi ya hao hao Ulaya. Ni kweli Ulaya wamebeba mfululizo 2020 hadi 2024, inachosha. Ila mimi ningegusa urefu wa mechi kwanza. Mechi inaamuliwa na wa kwanza kufika gemu tano tu! Ukivunja vibaya (ile shuti ya kufungua gemu) mara mbili, ukakosa na mpira mmoja wa wazi, umekwisha hata mkono haujapata joto. Singo (mechi za mmoja kwa mmoja) zifike gemu saba. (Najua, mechi ndefu humbeba aliye bora, Wamarekani wanaweza kupigwa zaidi. Basi wapigwe kihalali.) Mechi za wawili wawili nazo zipungue, maana mkipokezana shuti hakuna anayeshika moto. Hapa Majengo, Moshi, tulijaribu mtindo huo kwa timu za mtaa. Jioni nzima ikaisha kwa kulaumiana tu nani kamwachia mwenzake mpira mbaya, na hela ya meza hakuna aliyetaka kulipa.