"Najiamini" au "nina uhakika"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri dodoso la kupima jinsi watu wanavyojiamini kutumia kondomu. Niandike "najiamini" au "nina uhakika"?

JIBU: Marahaba. Chukua "nina uhakika naweza". Kujiamini, kwa Kiswahili cha kila siku, ni hulka: mtu anatembea kifua mbele. Tena tukisema "huyu naye anajiamini sana", wala hatumsifu. Dodoso lako haliulizi hulka. Fikra iliyo nyuma yake ni ya mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeieleza mwaka 1977: mtu kujiona anaweza kutenda jambo fulani, katika hali fulani. Wapo wanaochangamka jukwaani ila chumbani wakashindwa kutamka "tutumie kondomu".

Mtego uko kwenye majibu. Dodoso mashuhuri la aina hii, la watafiti Brafford na Beck la mwaka 1991, lilitungwa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Lina sentensi 28, na mjibuji huchagua jibu kwenye ngazi inayoanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Jibu la katikati watafsiri hupenda kuliandika "sina uhakika". Haya, lisome kwa sauti:

"Nina uhakika naweza kuvaa kondomu bila kubabaika."
"Sina uhakika."

Huyo yuko katikati? Kwangu mimi amekataa, nawe umempa alama za katikati! Andika "sikubali wala sikatai".

Chunga pia sentensi za kukanusha. Ukimwuliza Mswahili "Huwezi?" akaitikia "Ndiyo", maana yake hawezi. Lakini siku hizi wapo wanaojibu "Hapana, siwezi", hasa vijana waliozoea Kiingereza. Sentensi kama "Siwezi kumwambia mwenzangu tutumie kondomu" ikisomwa kwa sauti, "ndiyo" na "hapana" zote zitakuchanganya. Mtake mjibuji atamke "nakubali" au "sikubali", na hata hapo umrudie: "Yaani unaweza, au huwezi?"

"Mpira" usiuguse, ingawa mitaani ndilo neno lenyewe. "Nina uhakika naweza kutumia mpira" mwingine atadhani unasajili timu. Na "kuvaa" mwachie mwanamume anayeivaa mwenyewe. Mwanamke anayezungumzia kondomu ya mwenzake aandikiwe "kutumia", au "kumvalisha" ikiwa ndicho kinachoulizwa.