Koo limefunguliwa, lakini vidonge usitupe

Wiki jana dada mmoja wa Likoni kanitumia meseji, mamake amepanuliwa koo la chakula kwa baluni, sai anakula vizuri, je ndo amepona kabisa? Nilikuwa nangoja feri, nikacheka peke yangu halafu nikanuna, maana hata mimi nilijiona nimepona.

Yangu ilianza na kiungulia cha miaka, dawa yake maziwa baridi basi. Halafu mahamri yakaanza kukwama hapa kifuani mpaka niyasukume kwa chai, kisha nyama, kisha hata wali. Kwa mavyaa wangu nikienda nabaki nachezea kijiko, naye akawaambia watu eti chakula chake nakiona kinyaa, najidai. Mwaka mzima hakunisemesha vizuri. Bado inaniuma, sitadanganya.

Nilipoingizwa kamera ndo wakaona kovu, asidi ya tumbo imepanda ikachoma umio, hilo koo la chakula, mpaka umekaza. Wakakata na kinyama wakapime kama ni saratani, na dada, hilo muulize daktari wa mamako kama lilifanywa, maana huku Afrika Mashariki saratani ya umio iko juu sana. Nikaelezwa upana wa njia ukiwa chini ya milimita 13 hivi chakula kigumu lazima kisumbue, na hawapanui yote siku moja wasije wakapasua. Mara ya kwanza wakafika 12, baada ya wiki mbili 15. Wiki hiyo hiyo nikala biriani, wallahi nililia.

Sasa ujinga wangu. Nikasema omeprazoli, vile vidonge vya kupunguza asidi, za nini tena na chakula chapita? Nikaacha. Miezi saba baadaye, harusini Majengo, mshikaki ukakwama, hata mate hayapiti, nikakimbizwa hospitali usiku na dera langu la harusi na hina mikononi. Kupanuliwa tena. Baluni yafungua njia tu jamani, asidi iko pale pale yaendelea kuchoma!

Huu mwaka wa nne nameza kidonge asubuhi kabla ya kula, na sijarudi kwenye baluni. Wapo wanaomeza vidonge vizuri na bado wanarudi, si aibu, ila rudi mapema ukiona mkate waanza kusita, usingoje mpaka maji. Tafuna, usilale umeshiba, na vidonge usiache mpaka daktari aseme. Sisi tukipata nafuu tu twaona dawa ni za wagonjwa wengine. Na aliyekunywa asidi ya betri au dawa ya kuzibulia sinki, huyo safari yake ya matibabu ni ndefu zaidi, kovu lake ni sugu, hupanuliwa mara nyingi, na hatari ya saratani humfuata hata miaka mingi baadaye, kwa hivyo asipotee kliniki.

Idi iliyopita mavyaa alinipakulia pilau ya nyama, nikamaliza, nikaomba tena. Akaniongezea. Pole hakusema.